Mbuzi Moja ya Floribert

Mwanamuke akizaa mapasa, mudomo yake inafunguliwa. Ni vile kwetu, batu ya Mahagi, tangu zamani. Mama Mapasa anaweza kutukana mutu yeyote, chifu, mukwe, hata mupadri, na hakuna mwenye atamujibu, ju ile matusi haiko yake peke yake, iko ya batoto. Jina yangu ya ubatizo ni Adèle, lakini hapa kwetu Bunia hakuna mutu ananiita vile. Nilizaa mapasa ku Nyankunde, Opio na Ocen, na tangu ile siku mudomo yangu haijafungwa. Basi munisikilize. Niko na neno na Floribert, na sitaisema polepole.

Opio njo alitoka wa kwanza, na njo alienda wa kwanza. Homa tu, alikuwa hajaanza hata kutambaa. Kwetu hatusemi mutoto wa mapasa amekufa, tunasema ameruka. Na hatulii. Hata mama hatoi chozi, ju ukilia, ule mwenye alibakia anasikia, anawaza kule ndugu yake alienda kuko kitu muzuri, naye anamufuata. Nilimubeba Opio na macho makavu mpaka ku Kichaka, pale barabara ya Marabo inapanda kidogo na kupiga kona. Tukamulalisha chini ya miti ya mukuyu. Juu yake nikaweka chungu ya midomo mbili, moja ya Opio, moja ya Ocen. Nilikuwa nimeifinyanga mwenyewe, na katikati ya ile midomo, udongo ikiwa bado mubichi, nilikandamiza kidole gumba. Kila mama anaacha kidole yake pale, batoto bamujue.

Kichaka ilijaa vyungu. Zingine zilikuwa za zamani sana, mizizi ilizimeza. Mule ndani kuko benye pahali, na hatubataji jina. Hakuna mutu alikata kuni pale. Wakati ya vita batu ya bunduki balipita, habakuvunja hata tawi. Badéplacés, batu ya kukimbia vita, bakakuja kutoka Djugu na batoto na njaa, bakajenga vibanda vya mabâche, turubai tu, karibu, bakawa banaenda kutafuta kuni mbali sana, lakini Kichaka baliiacha. Habakuwa batu ya kwetu, habakujua ni batoto ya nani banalala mule, mais mutu mwenye adabu akiona pahali kama ile anaelewa. Floribert njo hakuelewa, na Floribert alizaliwa hapa hapa.

Tena si kuzaliwa tu. Mama yake, Anastasie, njo Mama Mapasa mukubwa wetu, siye bote tunatembea nyuma yake. Mapasa yake baliruka bote mbili, na chungu yake ilikaa mu Kichaka miaka mingi mbele ya yangu. Floribert alizaliwa nyuma yao, njo maana mama yake anamuita Okelo, jina ya ule mwenye anafuata mapasa. Alisoma, akapata kazi ku kampuni ya barabara, akakuwa chef de chantier, mukubwa ya kazi, na kofia ya njano na moto, pikipiki mpya. Tulimufurahia. Miye mwenyewe nilicheza ile siku, sikatali.

Wakati goudron, barabara ya lami, ilianza kutoka Bunia kwenda Marabo, tukaona vijiti vyekundu vya kupima njia vinapita katikati ya Kichaka. Tukaenda kumuona, siye bamama mapasa, Anastasie mbele, anashikwa mukono ju macho yake haioni tena. Floribert akapiga magoti mbele ya mama yake. Akasema barabara itazunguka. Akangoa vijiti na mukono yake, tunamutazama, akavipanda kando.

« Mama, » akaapa, « pale ndugu bakubwa yangu banalala, engin ya kuchimba haitafika. »

Anastasie akamutemea mate ya baraka ku kichwa, na tukarudia tunaimba. Njia ya muongo ni mufupi, batu banasema, lakini ile siku hatukuona mwisho yake.

Siku ya Kupaa kwa Bwana tulikuwa bote ku misa. Tulipotoka, tukasikia engin inanguruma upande ya kona. Nilikimbia na viatu vya misa mu mukono. Nilipofika, Kichaka haikukuwa. Si miti tu, hata kilima yenyewe haikukuwa. Macamion yalikuwa yamepakia ile udongo nyekundu na kutoka. Mukuyu moja ililala na mizizi juu. Nikaingia mule mu shimo, nikatafuta chungu yangu na vidole mpaka kucha ikapasuka. Sikulia. Ningelia namna gani? Ocen alikuwa amesimama nyuma yangu.

Na njo shida yenyewe. Ocen alikuwa anakaribia kuoa. Muchumba wake ni Priscille, musichana ya Kpandroma mwenye anauzisha viazi ku marché. Mutoto wa mapasa akioa, anapeleka bibi yake ku chungu. Bibi anamwanga pombe ya mutama mu mudomo moja, kisha mu ingine, ule mwenye aliruka ajue hakusahabiwa. Ukimunyima, anakuja kumuita ndugu yake. Munaweza kucheka, benye kusoma. Miye niko na mutoto moja tu juu ya udongo, na ile chungu njo ilikuwa inanishikia yeye. Floribert aliivunja ju ya gravier, changarawe ya barabara. Nilimuchukia pale pale, mu ile shimo, na chuki ile nilitoka nayo nyumbani kila asubuhi kama mutu anabeba mutoto ku mugongo.

Akakuja kwangu, kisha siku kidogo, na uso ya huruma. Alikuwa anavuta mbuzi.

« Mama Mapasa, tusameheane, » akasema. « Kuzunguka ilikuwa inakula wakati, na ile kilima ilikuwa na gravier muzuri sana. Ni maendeleo ya siye bote. Nimekuletea mbuzi ya kufuta makosa. »

Nikaangalia mbuzi. Nikaangalia nyuma yake, pengine kuko ingine inachelewa mu njia.

« Ni hii tu? »

« Ni hii, mama. Mwenye aliruka ni Opio. Ocen si njo ule pale, iko anakula bugali. »

Bon. Hapa munielewe vizuri. Mapasa habapewi kitu moja. Ukinunulia moja shati, unanunua mbili. Ukisalimia moja, unasalimia na ingine. Hata akiruka, sahani yake inabakia. Mutu mwenye anapatia moja na kuacha ingine, amebagawanya, na mwenye kugawanya mapasa ameita mabaya mu nyumba yake mwenyewe. Hata bamama benye kuzaa moja moja banajua hii. Na huyu Okelo, mwenye alinyonya ziwa ile ile bakubwa yake balinyonya, alisimama mu kiwanja yangu na hesabu ya masomo: aliyekufa moja, mbuzi moja.

Ningeweza kumuambia. Ningesema tu, « Floribert, rudia, leta ya pili, » na angeileta, ni mutu ya mali sasa. Majirani balikuwa banatazama juu ya lupango, banangoja mudomo yangu. Nikapokea kamba na mukono moja. Nikasema aksanti, mara moja tu. Akatoka anafurahi, mujinga ule, akapanda moto yake na kuniaga na mukono.

Ocen akaacha bugali yake.

« Mama, hukumutukana. »

« Sikumutukana. »

« Basi yaishe. Priscille amekubali, tutaoana bila chungu. Mambo ya zamani. »

Ocen ni mutoto muzuri, mais moyo yake ni laini kama ndizi ya kuiva. Nikamuambia kama mwenye kunya anasahabu, mwenye kuzoa hasahabu, na yatakwisha siku miye nitamaliza. Mbuzi sikuchinja. Niliifunga nyuma ya nyumba, nikailisha majani, ikanenepa.

Félicité anauzisha chai ku chantier. Nikaenda kunywa chai yake, ile haina hata majani ya kutosha, nikamuuliza ile macamion ya Siku ya Kupaa yalienda wapi. Akatazama kushoto na kuume. Akaniambia nusu ya udongo ilienda ku barabara, na nusu ingine ilipanda kule juu, ku nyumba mpya ya chef Floribert, kusawazisha parcelle, kiwanja yake. Kisha akaniongezea sukari bila kuniuliza.

Nikapanda kule. Parcelle ilikuwa sawa sawa, nyekundu, imefagiwa, na portail, mulango mukubwa ya chuma. Floribert alikuwa ku kazi. Anastasie alikaa ku mukeka inje, miguu imenyooshwa juu ya ile gravier.

« Mama, unakaa hapa muzuri? » nikamuuliza.

« Muzuri sana, mutoto yangu. Mule nyumbani nasikia joto, silali. Hapa inje, nikiweka miguu chini, moyo inatulia. Sijui ni ju ya nini. » Kisha akauliza, « Na Kichaka? Okelo aliniambia barabara ilizunguka. »

Alimudanganya. Alimuketisha mama yake juu ya batoto yake, na akamudanganya. Na pale chini ya kisigino yangu kulikuwa na kigae. Nikainama kama mutu anakaza kiatu. Ilikuwa shingo ya chungu, pale katikati ya midomo mbili, na alama ya kidole. Nikajaribu kidole yangu. Haikuingia, shimo ilikuwa ndogo. Nikatazama vidole vya Anastasie vinalala ku mukeka, vyembamba, kama vya musichana.

« Kichaka iko, mama, » nikasema. « Iko karibu sana. »

Nikaficha kigae mu kitenge. Kama ningemuambia pale pale, ingekuwa maneno ya nyumbani. Floribert angelia, mama angemusamehe, ju mama ni mama. Miye sikutaka asamehewe mu chumba. Nilitaka batu.

Batu alinipatia yeye mwenyewe. Aliita kartie yote, majirani bote, siku ya dimanche, ile ya misa, kubariki nyumba. Kulikuwa na viti vya kukodi, mabâche, muziki, masufuria ya nyama inachemka nyuma. Mupadri alikuwa pale, na ingénieur ya kampuni, muzungu mwekundu mwenye anacheka na kila mutu. Anastasie alivalishwa kitenge mpya, akaketishwa karibu na mupadri. Siye bamama mapasa tukaingia kisha misa, mustari moja, tumenyamaza. Miye nilikuwa mbele na mbuzi yangu ku kamba.

Floribert akaniona, akafungua mikono.

« Mama Mapasa, umeileta tuikule pamoja? »

« Nimeileta imuone mwenye aliituma, » nikamujibu.

Nikapita katikati ya viti mpaka ku Anastasie. Nikamutia kigae mu mukono.

Akaizungusha polepole. Vidole vyake vikapita ku mudomo ya kwanza, vikapita ku ya pili, vikarudia katikati. Kidole gumba ikaingia mule, ikakaa. Uso yake ikabadilika, lakini hakulia, ju naye ni mama mapasa. Mutu moja akazima muziki.

« Okelo, » akaita. « Iyi imetoka wapi? »

« Mama, ni maneno ya huyu bibi, iko na hasira… »

« Nakuuliza weye. Hapa niko nakaa juu ya nini? »

Floribert akatazama bageni. Akatazama ingénieur. Sisemi hakuogopa, niliona jasho inashuka chini ya kofia.

« Ni udongo ya Kichaka, mama. Ilikuwa gravier muzuri. »

« Na ulifuta na nini? »

« Nilipeleka mbuzi. »

« Ngapi? »

Hapo njo alijua. Niliona ikimuingia. Alitazama mbuzi ile mu mukono yangu, peke yake, imenenepa, inatafuna kamba, na akakumbuka kila kitu mama yake alimufundisha.

« Moja, » akasema.

Bamama bakasonya bote pamoja. Mupadri akasimama, ni mutu muzuri, akasema mambo ya zamani tumuachie Mungu. Nikamuambia, na heshima yote ya Mama Mapasa, « Padri, mu altare yenu munaweka mifupa ya batakatifu. Engin ikuje kuikokota itengeneze nayo kiwanja ya mutu, utabariki ile kiwanja? » Akafikiri kidogo, kisha akakaa. Aksanti yake.

Anastasie akasimama bila kushikwa. Akafungua kitenge mpya, akatosha ziwa yake, ya kukauka, mbele ya batu bote.

« Iyi balikuachia, » akamuambia Floribert. « Bakubwa yako baliruka mapema, weye unyonye. Na weye umebamwaga chini ukafagia juu. Nyumba iyi haiko yako tena, Okelo. Iko yao. Utoke na viatu vyako tu. »

Akaanza wimbo. Bamama tukaipokea. Munajua nyimbo ya mapasa, haina haya. Tulimuimba Floribert kutoka kichwa mpaka kisigino: kofia yake ya njano kama kifuniko ya sufuria, miguu yake ya kuku ya kukimbiwa na jogoo, matako yake yenye inakalia mifupa ya nyumbani. Miye njo niliongoza, na nilikuwa na maneno ya kuweka tangu ile siku ya shimo, na niliyatosha yote. Ile kilio miaka yote sikumulilia Opio, ilitoka mule mu matusi. Ingénieur hakuelewa hata neno, alikuwa anapiga makofi na kutupiga picha, mpaka mutu moja akamuinamia ku sikio. Akaweka téléphone mu mufuko.

Nyama hakuna mutu aliionja. Pahali mapasa banalala habachemshi kitu bila kubapatia kwanza, basi tukamwaga masufuria yote chini, mbili mbili. Mbuzi yake nikaifungia ku mulango. Na pahali kama ile bwana na bibi habalali pamoja, kila mutu anajua, kwa hiyo bibi ya Floribert alirudia kwa mama yake ile siku ile ile, na matela yake ya kulalia ku kichwa. Yeye alibakia inje ya portail na viatu vyake. Aliita, « Mama, mama. » Anastasie alikuwa ameshalala ku mukeka yake, miguu juu ya gravier.

Nilichambua ile parcelle yote na vidole. Nilipata vigae ya batu bengine, nikaita bamama, kila moja akajaribu kidole yake. Yangu sijaipata. Pengine Opio iko pale. Pengine iko chini ya goudron na macamion ya mbao yanapita juu ya kifua yake. Udongo ilichanganywa, haichambuliki tena, njo maana parcelle yote ikakuwa Kichaka. Tulipanda mukuyu mbili karibu na mulango, na zimeshika.

Ocen na Priscille tulibafanyia ndoa pale. Nilifinyanga chungu mpya, nikachanganya ile udongo nyekundu mu udongo ya chungu, nikakandamiza kidole. Priscille akapiga magoti, akamwanga pombe mu mudomo ya Opio, kisha mu mudomo ya Ocen. Ile njo nilitaka. Ocen, na mambo yake ya zamani, nilimuona anapanguza macho na kona ya koti. Nilimufinya ku mbavu, aache.

Tulikuwa bado tunaimba wakati Floribert alifika ku portail. Alikonda. Alikuwa anavuta mbuzi mbili, nzuri, za Kpandroma, na kamba mbili.

« Mama, » akasema kutoka inje, « nimeelewa. Nimeleta mbili. »

Bamama bakaacha kuimba. Bengine balianza kumuonea huruma, niliona. Anastasie akageuza uso upande ya sauti.

« Ni za nani? »

« Ya Opio na ya Ocen. »

« Ni vizuri, » Anastasie akasema. « Na za bakubwa yako iko wapi? »

Floribert akatazama zile kamba mu mukono yake. Mapasa ya mama yake mwenyewe, hata sasa, hakubahesabu.

Nikatoka ku portail. Nikapokea mbuzi mbili na mikono mbili, ju zilikuwa za batoto yangu, sikatali haki yao. Kisha nikafunga portail.

Batu banasema nilizidisha. Sikuzidisha, nilifanya mara mbili, vile inaombwa. Floribert sasa anapanga chumba nyuma ya marché, na kampuni ilimupatia kazi ingine ya kuhesabu masimenti. Nikikutana naye mu njia namusalimia mbele ya batu. Yambo, Floribert, namuambia. Kisha ninangoja kidogo, nasalimia tena, yambo, nikitazama kando yake, pale bakubwa yake bangesimama. Hajajibu bado.